Elisi Gani Inafaa kwa Boti Yako?



Mwezi huu ukurasa wetu wa ufundi unashuka kutoka milimani mupaka kwenye ukingo wa mayi. Pengine mumoja wenu atauliza: "Sisi watu wa Rubaya na wa Bisie tunachimba udongo. Mambo ya boti yanatuangalia wapi?" Yanatuangalia sana. Teritware ya Masisi haiishii milimani. Inateremka mupaka Sake, Shasha na Bweremana, kwenye Ziwa Kivu. Kule juu, upande wa Bashali, kuna maziwa ya Mokoto. Walikale nayo ina muto Lowa, unaoteremka kutoka upande wa Masisi na kwenda kujiunga na Lualaba.

Tena munakumbuka mwezi wa pili wa mwaka 2024. Vita vilipokata barabara kati ya Sake na Minova, watu na vyakula walipita ziwani kwenda Goma. Siku zile hata mutu ambaye hakuwahi kugusa kasia alijua bei ya boti.

Mutu akipata feza kidogo kwenye machimbo, anaitafutia kazi nyingine ili isiishe mukononi: ng'ombe, pikipiki, duka, ao boti. Tuseme yaya mumoja na wadogo wake wawili wamenunua boti ya mbao na motere ya 40. Siku moja elisi inapiga jiwe karibu na ukingo, bawa moja linakatika. Yaya anaenda soko, anaonyesha ile iliyovunjika. Muuzishaji wa kwanza anasema: "Yangu hii inaingia." Wa pili anasema: "Yangu pia inaingia, tena ni kubwa zaidi, itakupa nguvu." Wa tatu anaiuzisha kwa bei ya chini kuliko wote. Atatwaa gani?

Hapa njo feza ya familia inapotea ao inaokolewa. Sababu kuingia ni jambo moja, na kufaa ni jambo lingine. Elisi inaweza kuingia vizuri kabisa kwenye motere yako, ekru ikakaza, halafu ikaua motere kidogo kidogo kwa miezi sita.

ELISI NI VITESI YA BOTI

Elisi ni ile chuma yenye mabawa inayozunguka chini ya mayi na kusukuma boti. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya wanaiita propela.

Ili uielewe, fikiri pikipiki inayotoka Sake kupanda Mushaki, imebeba magunia mawili. Dereva anarudi kwenye vitesi ya kwanza ao ya pili. Akishupaa na vitesi ya nne, motere inalia kwa sauti nzito, inapata moto, mwisho inazimika. Lakini akifika kwenye tambarare na kubaki na vitesi ya kwanza, motere inapiga kelele bure, mwendo hakuna.

Boti haina vitesi za namna hiyo. Ina kwenda mbele, kusimama na kurudi nyuma, basi. Vitesi yake ni elisi yenyewe, na huwezi kuibadilisha katikati ya ziwa. Ukifunga elisi isiyofaa, ni kama kupanda Mushaki na vitesi ya nne toka asubuhi mupaka magaribi, kila siku.

MBELE YA KUNUNUA: JE, KOSA NI LA ELISI?

Watu wengi wanabadilisha elisi ambayo ingali nzima. Tazama kwanza mambo haya:

1. Mabawa. Bawa likiwa limepinda ao limekatwa kipande, boti inatetemeka. Usiseme "itazoea". Kule kutetemeka kunakula rulima na kufungua njia ya mayi kuingia kwenye pinyo. Alama ndogo ndogo za mawe fundi anaweza kuzilainisha kwa tupa, lakini mabawa yote yabaki sawasawa. Bawa lenye ufa lisirudishwe kazini.

2. Mupira wa ndani. Elisi nyingi zina mupira kati ya chuma cha ndani na bomba la nje. Kazi yake ni kupokea pigo, ili jiwe lisivunje pinyo. Mupira ukichoka unateleza: motere inapiga kelele, boti haiendi. Kuna njia rahisi ya kujua. Piga mustari mumoja wa rangi kwenye chuma cha ndani, upite juu ya mupira, ufike kwenye bomba la nje. Acha ukauke. Enda ziwani, fungua gazi mupaka mwisho, rudi, zima motere, utazame. Mustari ukiwa umekatika, kipande kimoja hapa na kingine pale, mupira umekwisha. Motere ndogo zingine hazina mupira. Zina gupiye ya chuma laini inayokatika elisi ikipiga jiwe. Hapo unabadilisha gupiye tu, kwa bei ndogo.

3. Nyavu. Kwenye ziwa letu la wavuvi wa sambaza, kamba za nyavu zinajifunga nyuma ya elisi. Zinakata mupira unaozuia mayi. Toa elisi utazame. Ukiona mafuta ya pinyo yamekuwa meupe kama maziwa, mayi yameingia. Huo ni ugonjwa mwingine, elisi mupya haitauponya.

4. Kimo cha motere. Motere ikifungwa juu sana, elisi inavuta hewa na kuteleza, hasa kwenye mawimbi. Kile kibao cha chuma kilicho juu ya elisi kinapaswa kuwa karibu usawa mumoja na chini ya boti. Wengi wameuzishiwa elisi, kumbe ingetosha kushusha motere kidogo.

KUSOMA NAMBA

Kama kweli elisi imekufa, usiitupe. Hiyo njo kitambulisho chako. Ipanguse na kutafuta namba, kwenye bomba la katikati ao kwenye shina la mabawa. Tuchukue mufano wa Yamaha, motere inayojulikana sana katika Afrika. Elisi ya motere ya 40 inaweza kuandikwa hivi: 11 1/8 x 13-G.

Namba ya kwanza ni upana. Ni ule duara ambao ncha za mabawa zinachora zikizunguka, kwa inchi. Mafundi wetu wanasema pusi. Ikiwa namba imefutika, pima toka katikati ya bomba mupaka ncha ya bawa moja, halafu zidisha mara mbili.

Namba ya pili ni hatua. Fikiri visi inayoingia kwenye mbao: kila ukiizungusha mara moja, inasonga mbele kipimo fulani. Elisi vilevile. Hatua ya 13 maana yake ni kwamba, kama mayi yangekuwa magumu kama mbao, elisi ingesonga inchi 13 kwa kila muzunguko, ni kusema karibu sentimetre 33. Mayi si mbao, yanateleza, basi boti inasonga pungufu. Lakini ile hatua njo inayoonyesha vitesi: hatua kubwa ni vitesi ya juu, ya mwendo; hatua ndogo ni vitesi ya chini, ya muzigo.

Vijana wa machimbo wataelewa kwa njia ya beleshi. Mupe mutoto wa miaka kumi na mbili beleshi kubwa iliyojaa udongo wenye mayi, atasimama palepale. Mupe mwanaume mwenye nguvu beleshi ya kuchezea, atarusha haraka haraka na udongo hauishi. Kila mukono una beleshi yake.

Herufi ya mwisho ni alama ya namna elisi inavyoshika kwenye motere. Kwa Yamaha, herufi J inapatikana kwa kawaida kwenye elisi za motere nyingi za 9,9 na 15, na herufi G kwenye nyingi za 40. Usichanganye. Watengenezaji wengine wana alama zao.

MAMBO YA KUINGIA

Hapa hakuna mashauri mengi: inaingia ao haiingii. Tazama vitu vinne.

Kwanza, meno ya ndani. Aksi, ni kusema kile chuma kinachozungusha elisi, ina meno. Hesabu meno ya aksi na meno ya elisi. Yawe sawa, na unene uwe sawa. Elisi iingie kwa mukono. Muuzishaji akichukua nyundo, wewe chukua njia ya kwenda nyumbani.

Pili, rondeli. Mbele ya elisi kuna rondeli nene inayopokea nguvu yote ya kusukuma. Elisi ya mutengenezaji mwingine inaweza kuomba rondeli nyingine. Bila rondeli inayofaa, elisi itasugua sanduku la pinyo.

Tatu, upande wa kuzunguka. Ukisimama nyuma ya boti, elisi nyingi zinazunguka kwa kuume, kama mishale ya saa, wakati boti inaenda mbele. Lakini kuko boti zenye motere mbili ambazo moja inazunguka kwa kushoto. Ukinunua ya kushoto bila kujua, boti itarudi nyuma unapoiambia iende mbele.

Nne, nafasi. Elisi pana zaidi isiguse kile kibao cha juu. Zungusha kwa mukono, utazame kila bawa likipita.

ZIWA LETU LIKO JUU

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo wauzishaji wengi hawalisemi, nalo njo linawaumiza watu wetu kupita yote.

Motere inakula esansi na hewa pamoja. Ukipanda juu, hewa inapunguka. Mutu wa pwani akija Masisi anahema. Motere nayo inahema. Mafundi wanahesabu kwamba motere inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila metre 300 za kupanda. Dar es Salaam na Mombasa ziko usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko kwenye metre karibu 770. Ziwa Kivu liko kwenye metre karibu 1.460. Fanya hesabu: kwenye Kivu unapoteza karibu asilimia 15. Ile motere yako ya 40 inatumika kama ya 34. Fundi anaweza kurekebisha karibureta ili isile esansi bure, na ni vizuri afanye hivyo, lakini hawezi kurudisha hewa ambayo haipo.

Kwa hiyo motere iliyonunuliwa pwani pamoja na elisi yake, ikaletwa Bweremana, inafika na vitesi ya juu kupita nguvu zake. Elisi ile haikuharibika. Ilichaguliwa kwa pahali pengine. Kwa kawaida utaomba hatua iliyo chini kwa inchi 1 ao 2, hata mbele ya kuhesabu muzigo. Na mwenye kupeleka motere Mokoto akumbuke kwamba yale maziwa yako katika milima, juu kuliko Kivu. Mwenye kushuka nayo Walikale, kwenye Lowa, atakuta hewa nzito zaidi na motere itapata nguvu kidogo. Elisi moja haiwezi kuwa nzuri sawasawa pahali pote.

MIZUNGUKO NJO INASEMA UKWELI

Namna gani utajua kwamba hatua inafaa? Usitazame mwendo tu. Hesabu mizunguko ya motere kwa dakika.

Kila motere ina kitabu, na kitabu kinaonyesha mizunguko inayopaswa kufikiwa wakati gazi imefunguliwa mupaka mwisho. Kwa motere nyingi za mitumbwi yetu ni kati ya 4.500 na 5.500. Soma ya kwako, usichukue ya jirani. Kama hauna kitabu, andika namba za modeli zilizo kwenye kibandiko karibu na pahali motere inashika boti, fundi atazitafuta.

Kupima mizunguko si kazi ngumu. Kuko saa ndogo ya kupima inayofungwa kwa waya kuzunguka kamba ya buji; inasoma namba bila kufungua motere. Mafundi wa mujini wanayo, na ushirika wa wenye boti unaweza kununua moja kwa wote.

Weka muzigo wako wa kila siku, si boti tupu ya kujionyesha. Ingia kwenye mayi tulivu. Fungua gazi mupaka mwisho kwa muda mufupi, usome.

Mizunguko ikiwa chini ya kile kitabu kinasema, hatua ni kubwa mno. Motere inavuta kama punda aliyepakiwa sana: sauti nzito, moshi mweusi, buji chafu, esansi nyingi, pistoni zinapata moto. Mutu anasema "haina mbio, lakini ina nguvu". Hapana, inakufa.

Mizunguko ikipita ile ya kitabu, hatua ni ndogo mno, ao mupira unateleza, ao elisi inavuta hewa. Motere inapiga kelele kama inayolia. Nayo inajiua, kwa njia nyingine.

Kanuni ya mafundi ni hii: inchi 1 ya hatua inabadilisha mizunguko kati ya 150 na 200. Ukipunguza hatua, mizunguko inapanda. Ukiongeza, inashuka.

Turudi kwa wale ndugu watatu. Tuseme elisi yao ya zamani ilikuwa ya hatua 13, na pamoja na muzigo motere inafika 4.400 tu. Wanataka ifike karibu 5.000. Wanakosa 600. Wakigawanya kwa 200 wanapata 3. Basi watafute hatua ya 10, yenye alama ileile ya kushika. Ile "kubwa zaidi" ya muuzishaji wa pili ingewarudisha nyuma. Na ile ya bei ya chini, kama ni ya hatua 13, ingewarudisha palepale walipokuwa.

Kuna jambo moja la kuangalia. Elisi iliyochaguliwa kwa muzigo, boti ikirudi tupu, itapandisha mizunguko mupaka juu. Siku hiyo usifungue gazi yote. Mwenye safari tupu nyingi achague katikati: pamoja na muzigo isishuke chini ya kipimo, na tupu isipite.

MABAWA MATATU AO MANE, ALUMINI AO CHUMA?

Elisi nyingi zina mabawa matatu, na kwa kazi za kila siku yanatosha. Mabawa mane yanashika mayi vizuri zaidi kwa mwendo mudogo na muzigo muzito, na boti inatetemeka kidogo. Lakini yanashusha mizunguko. Ukichukua mane, mara nyingi unapunguza hatua kwa inchi 1.

Juu ya alumini na chuma kisichopata kutu: chuma ni kigumu, hakipindi upesi, na bei yake ni kubwa. Wengine wanafikiri ni sifa. Lakini tazama ukingo wetu. Mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma na kuingia ziwani, na lava za zamani za Nyamulagira zilifika ziwani upande wa Sake. Mawe ya lava ni makali. Kwenye mito ya Walikale kuna mawe, muchanga na magogo. Elisi ya alumini ikipiga jiwe, inapinda ao inakatika, na pinyo zinapona. Elisi ya chuma inaweza kupitisha lile pigo kwenye pinyo na aksi. Kwa mayi ya mawe, afazali kuvunja kile cha bei ndogo. Nunua ya alumini, na kama unaweza, weka ya pili ndani ya boti pamoja na kle, ekru, gupiye na rondeli.

NAMNA YA KUFUNGA

1. Zima motere, toa kamba ya usalama, toa kofia ya buji. Motere inaweza kushika hata kwa kuzungusha elisi, na mikono haioti tena.

2. Weka kipande cha mbao kati ya bawa na kile kibao cha juu, ili elisi isizunguke unapofungua ekru.

3. Toa kila kitu na kukipanga chini kwa ufuatano, kila rondeli pahali pake. Kijana anayejifunza aandike kwenye karatasi.

4. Safisha aksi, toa kamba za nyavu, paka grisi isiyoogopa mayi. Bila grisi elisi itashika kutu na aksi. Siku ya kuitoa utaivunja.

5. Rudisha vitu kwa ufuatano uleule, kaza ekru, pitisha gupiye mupya na kuikunja. Usitumie musumari. Musumari unakatika, ekru inafunguka, elisi inashuka chini ya ziwa, na mavuno ya mwaka mufukoni mwa mayi.

6. Nyuma ya safari ya kwanza, kaza tena na kutazama.

Ukituma mutu ao ukinunua kwa simu toka Bukavu, Kigali ao Kampala, tuma picha tatu: namba za elisi ya zamani, meno ya ndani, na kibandiko cha motere. Omba kwamba ukiirudisha haijaguswa na mayi wataibadilisha, na upewe risiti.

ELISI HAIPONYESHI MUZIGO

Ndugu musomaji, tumesema mengi juu ya nguvu. Sasa sikiliza jambo lililo zito kuliko yote.

Wenye boti wengi wanauliza: "Nifunge elisi gani ili nibebe watu zaidi?" Hakuna elisi ya namna hiyo. Elisi inachagua jinsi nguvu ya motere inavyotumika. Haiongezi hata farasi mumoja, na haiongezi kimo cha mbao za boti juu ya mayi. Ukipata elisi yenye hatua ndogo, boti iliyojaa kupita kiasi itaondoka bandarini bila kulia. Hiyo njo hatari. Mbele, motere ilikuwa inakuonya kwa sauti nzito. Sasa inanyamaza, na mayi yangali yanafika palepale ukingoni mwa mbao.

Tarehe 3 mwezi wa kumi mwaka 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiitazama toka ukingo. Makumi ya watu walikufa. Wenye mamlaka walisema ilikuwa imejaza watu kupita kiasi. Hatusemi kwamba elisi ilihusika. Tunasema kwamba wenye kupanda boti ni mama zetu na bidhaa zao, ni watoto wa shule, ni wachimbaji wanaorudi nyumbani, na hakuna fundi anayeweza kutengeneza kwa chuma kile kilichoharibiwa kwa tamaa.

Na motere ikizimika katikati, kumbuka kwamba ziwa hili linashuka mupaka metre karibu 480. Nanga ya kamba fupi haifiki popote. Upepo unakupeleka unapotaka wenyewe. Kwa hiyo hesabu ya elisi ifanywe ukingoni, na ndani ya boti muwe na makasia, elisi ya pili, na jile ya kuokoa kwa kila mutu, mutoto pia.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI NA KATIKA KIKUNDI CHA VIJANA

1. Motere ya boti yenu, ao ya jirani yenu, inapaswa kufika mizunguko mingapi? Nani ana kitabu chake?

2. Elisi ina namba 11 1/8 x 13-G. Eleza maana ya kila sehemu.

3. Ndugu mumoja ameleta motere na elisi yake kutoka Dar es Salaam mupaka Bweremana. Utamushauri nini, na kwa sababu gani?

4. Motere ya boti moja ikiwa na muzigo inafika 4.600, na wenyewe wanataka 5.000. Hatua ipunguzwe kwa inchi ngapi?

5. Mwenye boti anakupigia simu: watu wanangoja, boti imejaa, na elisi mupya inavuta vizuri. Utasema nini?

Mwezi ujao tutaangalia motopompe: namna ya kuisafisha ili isife kwa muchanga. Mwenye swali amupe mwenye kugawanya gazeti kwenye parokia ao kwenye kapela yake, naye atalileta kwetu. Mubaki salama.